Anayedaiwa na Anayekatwa

Kodi ya jengo ni kodi ya mwenye nyumba. Ndivyo sheria inavyosema na ndivyo akili inavyokubali: mwenye mali ndiye anayelipia mali. Lakini tangu tarehe 20 Agosti 2021 kodi hiyo Tanzania Bara inakusanywa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na katika nyumba nyingi za mijini anayenunua LUKU ni mpangaji. Ukinunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, kodi inatangulia kukatwa, kisha kilichobaki ndicho kinachogeuzwa uniti. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Mwezi ukipita bila kununua umeme, hausamehewi. Unajumlishwa na unaofuata.

Mamlaka hazikulificha jambo hili. Zilipoulizwa, zilijibu kwamba mpangaji akae na mwenye nyumba wake, warejesheane katika kodi ya pango. Jibu hilo linamfaa mtu mwenye mkataba wa maandishi na mwenye nyumba anayepokea simu. Mpangaji wa Mbagala au Buguruni, Dar es Salaam, amekwisha kulipa miezi sita mbele, pengine mwaka mzima, na ushahidi wake ni mstari mmoja katika daftari la mwenye nyumba. Mwezi wa tatu atamwendea na dai gani, wakati pesa ya pango ilikwisha tumika siku ileile? Tena ndani ya nyumba hiyo wapo wapangaji watano wanaochangia mita moja, ambao tayari wanagombana kwa sababu ya friji ya mmoja na pasi ya mwingine. Shilingi 1,500 ikigawanywa kwa watano ni 300 kwa kila mtu. Mtu mzima anaona haya kwenda kudai shilingi 300, kwa hiyo hadai, na mwenye nyumba hajui hata kama kodi yake imelipwa.

Nimeanza na LUKU kwa sababu inaonyesha wazi jambo ambalo sasa linajirudia katika kodi, katika mikopo na katika ada za simu. Mfumo wa kielektroniki humkata aliye karibu nao, na huyo si lazima awe ndiye anayedaiwa. Watu wanaponung'unika, viongozi husema wananchi hawapendi kulipa kodi, na wakopeshaji husema wateja hawana nidhamu. Nimesikiliza manung'uniko hayo kwa muda mrefu na naamini sehemu kubwa yake ni dai la haki, linalotoka kwa watu ambao wako tayari kulipa kilicho chao lakini hawataki kulipishwa cha mwingine.

Sitamani kurudi nyuma. Wajerumani walipoleta kodi ya vibanda mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda, waliotumwa kuikusanya walikwenda na fimbo na bunduki. Kodi ya kichwa iliyofuata iliwafanya wanaume walale porini, na hata kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ilikuwa na mgambo wake wa kuvizia njiani na sokoni. Wazee wetu walidhalilishwa mbele ya wake na watoto wao kwa sababu ya stakabadhi. Makato ya kimyakimya yana heshima kuliko hayo, na pesa inayofika hazina bila kupita mikononi mwa watu kumi ni pesa isiyopungua njiani. Faida hiyo ni ya kweli, na anayeupinga mfumo wote kwa sababu ya kasoro zake anawarahisishia kazi wale waliozoea kula katikati.

Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, aliweka vigezo vinne vya kodi: ilingane na uwezo wa mlipaji, ijulikane wazi, ilipwe kwa wakati na njia iliyo nyepesi kwa mlipaji, na kuikusanya kusigharimu sana. Kodi ya LUKU inafaulu katika vitatu vya mwisho. Kiasi kinajulikana, kinalipwa kidogo kidogo, na mkusanyaji hatumi mtu mlangoni. Kinachoanguka ni kile cha kwanza. Nyumba ya vyumba viwili Mbagala na nyumba ya chini yenye bustani na bwawa la kuogelea Masaki, zote zikiwa na mita moja, zote ni nyumba ya kawaida, zote zinalipa 18,000 kwa mwaka. Ukiongeza kwamba ile ya Mbagala inalipiwa na wapangaji na ile ya Masaki pengine inalipiwa na mwenyewe, utaona mzigo umeelemea upande gani. Na tiba haiko mbali. Anayeomba kuunganishiwa umeme huandika jina lake, na kiwanja kina hati au leseni ya makazi. Mfumo uliojua kumkata mpangaji unaweza kufundishwa kumtumia mwenye jengo namba ya malipo kwa jina lake, na sheria inaweza kutamka kwamba kilichokatwa kwenye mita ya mpangaji ni pango lililokwisha lipwa, asihitaji kuomba.

Mwezi mmoja kabla ya LUKU, tarehe 15 Julai 2021, ilianza tozo ya miamala ya simu: kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, kwa kutuma na kwa kutoa. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi 4,000, lakini wigo ukapanuliwa hadi miamala ya benki. Hapo ndipo kuna somo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Wenye akaunti za benki walipoguswa, waliongea, na tarehe 1 Oktoba 2022 tozo ya kuhamisha fedha kati ya benki ikaondolewa. Ilidumu miezi mitatu. Mtumiaji wa simu alisubiri hadi mwaka wa fedha wa 2023/24 ndipo tozo ya kutuma ikafutwa, ikabaki ya kutoa pesa taslimu. Miezi mitatu kwa wenye benki, karibu miaka miwili kwa wenye simu, na tozo ilikuwa ileile.

Tena tozo iliyobaki haimwangukii anayetoa pesa, ingawa mfumo unaonyesha hivyo. Mama aliyeko Singida akimpigia mwanawe Dar es Salaam humwambia, "Nitumie na ya kutolea." Ni desturi yetu na ni desturi nzuri: huwezi kumpa mzazi msaada kisha ukamwachia gharama za kuupokea. Matokeo yake, mtoto analipa ada ya kutuma, analipa ada ya kutoa ya mama, na analipa tozo ya serikali iliyowekwa kwenye kutoa. Huyo ndiye anayemtunza mzee asiye na pensheni, anayelipa karo ya mdogo wake, anayetuma ya hospitali usiku wa manane. Kazi ambayo katika nchi nyingine inafanywa na mfuko wa hifadhi ya jamii, hapa anaifanya yeye, na anatozwa kwa kuifanya. Wizara ilisema mapato ya tozo yatajenga vituo vya afya na madarasa, na yapo yaliyojengwa. Nalisifu hilo, maana mlipaji alielezwa pesa yake inakwenda wapi, jambo ambalo kodi nyingi hazilifanyi. Ila ubora wa kituo cha afya hauhalalishi kuchagua mchangiaji vibaya.

Majirani wamepita njia hiyohiyo. Uganda ilianza Julai 2018 na asilimia 1 ya pesa yenyewe inayohamishwa kwa simu, ikarudi nyuma Novemba mwaka huohuo hadi asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa. Sambamba na hiyo kulikuwa na shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, iliyoachwa mwaka 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Kongo walileta RAM mwaka 2020, usajili wa simu uliokuwa ukikatwa moja kwa moja kwenye salio: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kawaida, dola 7 kwa simu ya intaneti. Watu wa Lubumbashi, Goma na Bukavu waliweka vocha wakakuta uniti zimepungua kabla hawajapiga simu hata moja. Makato hayo yaliondolewa mwaka 2022 baada ya hasira ya nchi nzima.

Kenya ilichagua kutoza ada ya kampuni badala ya kiasi kinachotumwa: asilimia 10 mwaka 2013, 12 mwaka 2018, 15 mwaka 2023. Inaonekana ni njia laini zaidi, lakini ada ya kutuma kiasi kidogo ni sehemu kubwa zaidi ya kiasi chenyewe kuliko ada ya kutuma kikubwa, hivyo kodi inayopanda juu ya ada inamfuata mdogo vilevile. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipopendekeza kuifikisha kodi hiyo asilimia 20, pamoja na kodi ya mkate na ya magari, vijana walijaa barabarani wakiwa wameusoma na kuutafsiri kipengele kwa kipengele. Waliuawa watu. Tarehe 26 Juni Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Waliokwenda barabarani walikuwa wamefanya kazi ya raia kabla ya kudai haki ya raia: walisoma.

Hapa ndipo wajibu binafsi unapoingia, na sitaki kuupitia harakaharaka kwa kuwa wengi wetu tunapenda nusu ya hoja inayotupendelea. Nenda Kariakoo ukanunue mzigo. Muuzaji atakuuliza kama unataka bei ya risiti au bila risiti. Chukua bidhaa ambayo pamoja na VAT ya asilimia 18 ni shilingi 118,000. Muuzaji aliyesajiliwa anakuachia kwa 105,000, hakupi risiti, na katika zile 18,000 ambazo zingekwenda hazina wewe umebaki na 13,000, yeye 5,000. Mmegawana. Hakuna mfumo uliokudanganya hapo, hakuna tozo iliyojificha, umeulizwa ukachagua. Mashine za risiti za EFD zipo tangu 2010, na wimbo wa kutoa na kudai risiti kila mtu anaujua. Sheria inamtia hatiani hata mnunuzi asiyedai, nasi tunaendelea kuhesabu kwamba mkwepa kodi ni mfanyabiashara.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na wakafunga tena Juni 2024. Malalamiko yao yalikuwa na uzito: kikosi kazi cha kodi kinachovizia mteja na mfuko wake, makadirio yasiyoeleweka, rushwa. Lakini fikiria makato yanayomfuata mwalimu wa serikali. Kodi ya mshahara wake inakatwa kabla hajauona, hana nafasi ya kuuliza bei ya bila risiti. Kila 18,000 inayogawanwa dukani inarudi kutafutwa mahali ambapo pesa haiwezi kukimbia: kwenye mshahara wake, kwenye simu ya mtoto anayemtumia mama, kwenye mita ya mpangaji. Serikali inamkata aliye karibu kwa sababu anayedaiwa amekimbia, na katika hao waliokimbia tumo sisi tuliochukua bei ya bila risiti.

Mkopo wa elimu ya juu unaonyesha pande zote mbili. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na asiyekana fadhila anajua ni watoto wangapi wa wakulima waliosoma kwa mikopo hiyo. Kurejesha ni wajibu, maana pesa inayorudi ndiyo inayomsomesha anayefuata. Hata hivyo mwaka 2016 makato ya wafanyakazi yalipandishwa kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15, yakawagusa hata waliosaini wakijua ni 8. Juu yake kulikuwa na asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na adhabu ya asilimia 10. Mtu alikuwa anakatwa miaka na deni haliteremki. Mwaka 2021 Rais Samia alitangaza kuondoa ile asilimia 6, na adhabu nayo ikafutwa. Ninachokiona hapo ni kwamba mdaiwa hapaswi kubadilishiwa masharti akiwa njiani, iwe ni bodi ya umma au mkopeshaji wa mtaani. Na bado aliyeajiriwa ndiye anayekatwa bila kukosa, huku msomi mwenzake aliyejiajiri, pengine mwenye kipato mara tatu, akisubiri mpaka afuatwe.

Mikopo ya simu ndiyo imefika mbali zaidi katika kumkata asiyedaiwa. Huduma ya mikopo ya M-Shwari ilipoanza Kenya Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Ukiuchukua na kuurejesha kila mwezi kwa mwaka mzima, ni asilimia 90. Hiyo ilikuwa ya benki, inayosimamiwa. Nyuma yake zikaja programu za kila aina, za siku 7, za siku 14. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizizuia zile zisizosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa kwenye kumbukumbu za mikopo (CRB), ikazuia pia mtu kuorodheshwa kwa deni la chini ya shilingi 1,000. Sheria ya kuzisimamia ikaja Desemba 2021, na hadi Septemba 2022 maombi 288 yalikuwa yamefika, leseni zilizotolewa zilikuwa 10. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Huku mitaani mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu inaendelea, akina mama wakinyang'anywa televisheni na makochi, na walimu wakishikiwa kadi za benki pamoja na namba zao za siri, mkopeshaji akitoa mshahara kabla ya mwenyewe.

Kilichonigusa zaidi katika programu hizo ni orodha ya namba. Ukiipakua, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo ndani ya simu yako. Ukichelewa siku mbili, bosi wako anapigiwa, shemeji anapigiwa, fundi cherehani uliyewasiliana naye mara moja anapelekewa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Mila zetu zina mdhamini tangu zamani. Anaitwa, anaelezwa, anakubali mbele ya watu, na akikataa hakuna anayemlaumu. Katika vikundi vya akiba na mikopo vya VICOBA wanachama wanadhaminiana kwa sababu wamechaguana na wanakutana kila wiki. Programu imemfanya kila mtu aliye kwenye simu yako kuwa mdhamini bila kumuuliza.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu deni. Inaagiza liandikwe na pawe na mashahidi, na inamtaka anayedaiwa ndiye amsomee mwandishi maneno ya kuandika. Watu wa pwani wamefanya biashara kwa msingi huo karne nyingi, na naona busara yake hata kwa asiye Mwislamu. Mwenye uwezo mdogo ndiye anayetamka masharti kwa kinywa chake, kwa hiyo hawezi kuwekewa asichokijua. Katika simu mambo yamegeuka. Mkopeshaji ameandika kila kitu, kwa Kiingereza aghalabu, kurasa nyingi, na mdaiwa ana kitufe kimoja cha kukubali.

Hilo halimwondolei aliyekopa deni lake. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ulizinduliwa Kenya tarehe 30 Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kuliko mikopo mingi ya simu, na wengi walichukua kile kidogo cha kwanza hawakurudi. Riba ilikuwa ya haki na bado hawakulipa. Wapo pia wanaokopa programu ya pili kuilipa ya kwanza, kisha ya tatu, mwisho wanatupa laini na kusajili nyingine kwa kitambulisho cha ndugu. Yule ndugu aliyetoa kitambulisho kwa huruma ndiye atakayefuatwa. Kukopa kwa jina la mwingine ni kosa lilelile la mfumo, ila safari hii limefanywa na mtu kwa mkono wake, dhidi ya mtu aliyemwamini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na tume yake ipo. Kenya wana sheria ya 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wao ilizitoza faini kampuni za mikopo zilizotumia namba za watu ambao hawakukopa. Kazi hiyo inaanza na malalamiko, na malalamiko yanaanza na yule aliyepokea ujumbe. Ukiletewa ujumbe kwamba jirani yako ni mdaiwa sugu, usiupeleke kwenye kundi la familia. Piga picha ya kioo cha simu ikionyesha namba na saa, mpelekee jirani mwenyewe kwa faragha, na mwambie uko tayari kuandika barua kwa tume, kwa jina lako, kwamba hukumdhamini na hukuombwa ruhusa.